Fanusi ya bati: jifunze ufundi wa bati kwa chombo kimoja

Masanduku ya shule, majiko, ndoo na mikebe ya kumwagilia maji inayotoka Kamukunji, eneo la mafundi wa jua kali jijini Nairobi, kila siku hushikiliwa na mbinu chache tu: pindo, mshono wa kufungana (ncha mbili zilizokunjwa kama ndoano na kushikana), kitako kilichokunjiwa ukingo, koni na riveti (pini fupi ya metali inayounganisha bati). Fanusi ya mshumaa inazo zote tano, na ni ndogo kiasi cha kutengenezwa kwenye meza ya nyumbani bila mashine yoyote. Ukiimaliza vizuri, umeshapata msingi wa vyombo vingi vingine vya bati.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: fanusi huharibikia kwenye bati bapa, kabla hujakunja chochote. Kosa la milimita mbili kwenye mchoro litakufuata hadi paani, na nyundo haitalirudisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima, kuchora na mpangilio wa kazi. Kugonga chuma ni sehemu ndogo. Vipimo vyote ni vya milimita isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Bati la kutumia

Anza na bati bapa lililopakwa zinki, geji 30. Unene wake ni karibu 0.3. Geji 28, karibu 0.4, ni imara zaidi lakini humsumbua anayejifunza kwenye mapindo membamba. Geji 32 hukunjika kwa vidole, ila hubonyea ukiigusa tu. Usichukue bati la mawimbi la kuezekea ukidhani utalipiga liwe bapa, kwa kuwa mawimbi hayaishi kabisa na mistari yako itapinda. Bati lililopakwa rangi kiwandani nalo liache, maana rangi hupasuka kwenye kila mkunjo.

Shiti kamili ni futi 8 kwa 4. Huhitaji yote. Kipande cha futi 2 kwa 2, yaani 610 × 610, kinatosha fanusi nzima na masalio ya kufanyia mazoezi. Mafundi wa Kamukunji na maduka ya vyuma ya Kirinyaga Road wamezoea wateja wanaoomba kipande. Kiangalie dhidi ya mwanga kabla ya kulipa. Kikiwa na mkunjo wa zamani, hata uliokwisha kunyooshwa, kitakunjika tena palepale utakapokiviringisha.

Njia ya bei nafuu, kwa vipande vinavyoenea kwenye ukuta mmoja, ni debe la mafuta ya kupikia. Kuta zake nne, kila moja takriban sentimita 23 kwa 34, ni chuma chembamba kilichopakwa stani, na ni laini kuliko bati la zinki. Likate kando ya mshono wake, ulikunjue, kisha ulioshe kwa maji moto, sabuni na majivu hadi vidole visiteleze. Debe au mtungi uliowahi kubeba petroli, thina au dawa ya wadudu usiutumie hata ukiwa umekauka.

Fanusi hii haina lehemu wala kuchomelea, na tumeipanga hivyo kwa makusudi. Zinki ikipashwa moto mkali hutoa moshi mweupe unaoleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Usichome bati la zinki ili kuliondolea zinki, na usilichomelee ndani ya nyumba.

Vifaa

Unahitaji mkasi wa bati, nyundo ndogo yenye upande mwembamba, nyundo ya mbao, tupa laini, rula ya chuma, skweya, bikari imara, patasi ya milimita 10, na misumari ya inchi 3 iliyonolewa. Pa kugongea, tafuta kipande cha reli, kifaa ambacho karibu kila banda la Kamukunji linacho, na bomba la chuma la kipenyo cha 75 hadi 90 lililofungwa kwenye benchi. Kwa kukunja, vyuma viwili vya pembe vya urefu wa nusu mita na klampu mbili vinafanya kazi ya mashine ya kupinda. Ongeza drili yenye biti ya 3.3, bunduki ya riveti za popu za 3.2 (zinazofungwa kutoka upande mmoja tu), na riveti chache ngumu za alumini za milimita 3.

Glavu za ngozi na miwani ya kazi ni lazima. Ukingo wa bati lililokatwa hukata kama wembe, na jeraha lake huwa refu na nyembamba, hivi kwamba unaweza usilitambue hadi uone damu.

Vipande na vinakotoka vipimo

- Mwili: 395 × 209
- Kitako: duara la kipenyo cha 138
- Paa: sehemu ya duara la nusu kipenyo cha 103
- Mlango: 87 × 126
- Vishikizo vya paa: viwili vya 15 × 50 na viwili vya 15 × 60
- Kikombe cha mshumaa: 71 × 33
- Vipande vya bawaba: viwili vya 10 × 30
- Komeo: 10 × 35
- Waya: wa geji 10 (3.25) sentimita 35 kwa mshikio, na wa milimita 2 sentimita 12 kwa bawaba

Elewa namba za mwili, kwa sababu ndizo zitakazokuwezesha kubadilisha ukubwa baadaye. Fanusi iliyokamilika ina kipenyo cha 120, kwa hiyo mzingo ni 120 × 3.14, yaani 377. Mshono wa kufungana wa upana wa 6 hula bati mara tatu ya upana wake, kwa kuwa kila ncha hukunjwa 6 na ndoano mbili zikishikana hulaliana 6 nyingine. Hiyo ni 18, na jumla inakuwa 395. Kimo ni 200, ongeza 5 za pindo la juu na 4 za ukingo wa chini unaoshika kitako, upate 209. Wanaoanza husahau ile 6 ya tatu. Mwili hutoka mdogo, na kitako kilichokatwa kwa kipimo sahihi hakikai.

Kabla ya kugusa bati, kata vipande vyote kwa katoni na uviunge kwa utepe. Ni kazi ya muda mfupi inayookoa bati, na macho yako yatazoea kuona mahali kila mstari unapoishia.

Kuchora na kukata

Mistari ya kukata ichore kwa msumari mkali. Mistari ya kukunja ichore kwa penseli au kalamu ya wino. Msumari hukwaruza zinki, na mkwaruzo ukiwa kwenye mkunjo, kutu itaanzia hapo na baadaye bati litapasuka kwa mstari ulionyooka.

Ukishachora mwili, pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, pande zote mbili. Vipimo viwili viwe sawa, karibu 447. Vikitofautiana kwa zaidi ya 1, mstatili umeinama. Ukiviringishwa, ncha za mshono zitapishana kama shati lililofungwa vifungo vibaya, na fanusi itasimama kwa kuegemea upande.

Unapokata, usifunge mkasi mpaka mwisho wa meno yake. Kila unapoufunga kabisa, ncha huacha kijino kwenye ukingo. Fungua, songeza, kata robo tatu, songeza tena. Kwa duara la kitako, kata kwanza nje ya mstari kwa 3, kisha zunguka mara ya pili ukiwa juu ya mstari wenyewe. Ukanda mwembamba hujikunja na kumpisha mkasi, lakini bati pana humkatalia. Malizia kwa tupa, ukisukuma kwa urefu wa ukingo.

Kwenye mwili, chora sasa mistari yote: 5 kutoka ukingo wa juu, 4 kutoka ukingo wa chini, na 6 kutoka kila ncha. Kisha kata mapengo ya pembeni. Kwenye kila pembe ya juu ondoa kipande cha 10 kwa 5, na kwenye kila pembe ya chini 10 kwa 4. Usipoyaondoa, tabaka la pindo litakutana na tabaka nne za mshono, na hapo patatokea donge ambalo hakuna nyundo italiweka sawa.

Uwazi wa mlango ni 60 kwa 100. Ukae katikati ya bati, kutoka 167.5 hadi 227.5, na uanze 34 juu ya ukingo wa chini wa bati. Mshono utakuwa nyuma kabisa, mkabala wa mlango. Kata uwazi kwa patasi juu ya ubao mgumu, lakini uache vidaraja vya 5 kwenye kila pembe bila kukatwa. Dirisha lililofunguka kabisa hudhoofisha bati, na mwili ukiviringishwa huvunjika kwenye kingo za dirisha badala ya kupinda. Vidaraja utavikata mwishoni.

Toboa pia matundu manne ya vishikizo vya paa, 15 chini ya ukingo wa juu, kwa umbali wa 24, 103, 197.5 na 292 kutoka ncha ya kushoto. Lile la 24 ndilo la nyuma. Limesogezwa kidogo lisiingie kwenye mshono.

Kutoboa nakshi

Nakshi hutobolewa bati likiwa bapa. Kila upande wa uwazi wa mlango una nafasi ya takriban 125 kwa 160 ukishaacha 15 kwa ajili ya mshono, 25 kando ya mlango kwa bawaba na komeo, 25 juu na 12 chini. Usivuke mipaka hiyo. Tundu lililo karibu na mkunjo huufanya mkunjo uvutwe upande huo.

Waridi na minyororo ya milango ya nakshi ya Lamu yanafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa yote hujengwa kwa bikari. Kwa waridi la petali sita, chora duara la nusu kipenyo cha 50 kwenye karatasi. Bila kubadilisha bikari, weka alama sita kuzunguka duara, kisha kutoka kila alama chora tao linalopita kati. Petali zinajitokeza zenyewe. Weka nukta kila baada ya milimita 9 juu ya matao, na ujaze nafasi za pembeni kwa mikato ya patasi inayofuata mzunguko. Bandika karatasi kwenye bati kwa uji wa ngano, uache ukauke.

Laza bati juu ya kisiki au ubao laini. Ubao mgumu humzuia msumari kupenya, na sakafu ya simiti huuvunja ncha. Msumari una umbo la kuchongoka, kwa hiyo ukubwa wa tundu hutokana na kina. Piga pigo moja la nguvu ileile kila mara. Ukisikia sauti imekuwa nzito, ncha imekufa, inoe. Matundu yakikaribiana kuliko mara tatu ya kipenyo chake, bati kati yake hupasuka.

Kila tundu hulinyoosha bati kidogo, na upande mmoja ukitobolewa wote kabla ya mwingine, bati zima hubinuka. Anzia katikati ya kila waridi uende nje, ukihama kushoto na kulia. Bati likianza kubinuka, lilaze juu ya ubao na ulibonyeze taratibu kwa nyundo ya mbao, mahali pasipo na matundu tu.

Utapiga kutoka upande gani? Ukipiga upande utakaokuwa ndani, meno ya matundu hutokeza nje, hushika mwanga, na nakshi huonekana hata mshumaa ukiwa umezimwa. Ubaya wake ni kwamba hukwaruza mikono na kunasa vumbi. Kwa nyumba yenye watoto, piga kutoka nje ili nje pabaki laini.

Pindo na mshono

Bana mstari wa 5 wa juu kati ya vyuma viwili vya pembe, mstari ukiwa sawasawa na ukingo wa chuma. Kunja kuelekea nje ya fanusi, kwanza nyuzi 90 kwa urefu wote, kisha toa bati na ulilaze pindo kwa nyundo ya mbao. Usikunje sehemu moja hadi mwisho kabla ya nyingine. Bati hunyooka pale linapotangulia, na ukingo hutoka na mawimbi.

Sasa ncha mbili. Hapa ndipo wengi hupotea: ncha moja hukunjwa kuelekea ndani na nyingine kuelekea nje. Zikikunjwa upande mmoja hazishikani kamwe. Ziandike kwa kalamu "ndani" na "nje" kabla ya kubana. Kunja nyuzi 90, kisha endelea hadi ndoano ibaki na uwazi wa kuingiza tabaka mbili za bati. Weka kipande cha masalio kilichokunjwa mara mbili ndani ya ndoano unapoilaza, na haitafungika kupita kiasi. Ndoano iliyogongwa ikalala kabisa haifunguki tena bila kupasuka.

Kwa kuviringisha, tumia bomba lenye kipenyo kidogo kuliko 120, kwa kuwa bati hurudi nyuma ukiliachia. Bonyeza kwa viganja, kidogo kidogo, ukianzia ncha zote mbili na kuishia katikati. Hapa usitumie nyundo. Sehemu yenye matundu hupinda upesi kuliko sehemu isiyotobolewa, na ukilazimisha, silinda yako itakuwa na kona. Endelea hadi ncha zikutane zenyewe bila kuvutwa. Mshono unaofungwa kwa kuvutana hufyatuka baadaye.

Ingiza ndoano, weka mshono juu ya bomba, hakikisha ncha za juu ziko sawa, kisha gonga kwa nyundo ya mbao mwisho huu, mwisho ule, halafu katikati. Baada ya kulala, ufungie: shika chuma chenye ukingo wa mraba kando ya mshono, kikiugusa tu, na upige kwa urefu wote ili bati lishuke ngazi ndogo. Fanya hivyo upande wa pili pia. Wenye chuma cha mfereji wa upana wa 7 hadi 8 hufanya kazi hii kwa mpito mmoja. Ngazi hiyo ndiyo inayozuia ndoano kuchomoka. Mshono ambao haukufungiwa unaonekana mzuri siku ya kwanza, kisha hufunguka chombo kikibanwa.

Kitako na kikombe cha mshumaa

Chukua duara la kipenyo cha 138 na ndani yake uchore la pili la kipenyo cha 129. Hapo ndipo mkunjo utapita. Kabla ya kukunja, funga kikombe cha mshumaa katikati. Kwenye ukanda wa 71 × 33 kata ndimi tatu chini, kila mmoja upana wa 6 na urefu wa 8, uuviringishe kufikia kipenyo cha karibu 20, na ncha zilaliane 8. Ncha hizo zishike kwa riveti moja. Toboa mipasuo mitatu ya 7 kwenye kitako kwa patasi, pitisha ndimi, zikunje chini na uzilaze. Riveti mahali hapa ingeacha vichwa chini, na fanusi ingeyumba mezani.

Ukingo wa mwili unatanuliwa kwenda nje. Simamisha silinda kwenye ukingo wa reli, ikiwa imeinama kidogo, na ugonge mstari wa 4 kwa upande mwembamba wa nyundo huku ukizungusha. Mzunguko wa kwanza inua nyuzi 25 hivi, wa pili nyingine, hadi ufike 90 kwa mizunguko mitatu au minne. Hapa chuma kinanyooshwa, na kikinyooshwa haraka hupasuka. Mpasuko huanzia kwenye kijino kilichoachwa na mkasi, kwa hiyo piga tupa kwanza hadi kidole kisikwame popote.

Duara la kitako linafanya kinyume. Ukingo wake unapokunjwa juu, chuma kinabanwa kwenye mzingo mdogo, na ziada hujitokeza kama makunyanzi. Inua kwa mizunguko minne kwa nyundo ya mbao, na kila kunyanzi likitokea lipige mara moja likiwa bado wima. Likishalala, hukaa hapo daima.

Weka mwili ndani ya kitako. Ingie kwa kubana kidogo. Laza ukingo wa kitako juu ya ukingo wa mwili kwenye pointi nne zinazokabiliana, kisha kati ya hizo, kisha zunguka yote. Ukianza mahali pamoja na kuzunguka moja kwa moja, kitako husogea na upande wa mwisho hukosa bati la kukunja.

Mlango

Kwenye kipande cha 87 × 126 weka pindo la 5 juu, chini na upande wa komeo, na uache 6 upande wa bawaba. Pembe za mapindo zikate kwa nyuzi 45 zisilaliane. Viringisha mlango kwa mpindo uleule wa mwili, kisha zungushia ile 6 kwenye waya wa milimita 2. Kwenye mzungusho huo kata mapengo mawili ya 12, juu na chini, ambamo vipande vya bawaba vitashika waya na kuishia kwenye mwili kwa riveti moja kila kimoja. Sasa kata vile vidaraja vya uwazi, piga tupa, na ufunge bawaba. Mlango uliokamilika ni 76 × 116 na hufunika kingo za uwazi kwa 8 kila upande. Komeo ni ukanda wa 10 × 35 uliokunjwa kando, wenye riveti iliyolegezwa ili uzunguke.

Paa na mshikio

Paa lina kipenyo cha 140 na kimo cha 70. Nusu ya kipenyo ni 70, sawa na kimo, kwa hiyo mteremko una nyuzi 45 na urefu wa 99. Kwenye bati piga tao la 99, na nje yake la 103 kwa ajili ya pindo. Badala ya kupima nyuzi, kata ukanda mwembamba wa bati wa urefu wa 440, uulaze juu ya tao la 99, na uweke alama mwanzo na mwisho. Ongeza 12 za kulaliana. Ncha ya katikati ikate kwa tao la 15, na utapata tundu la juu la karibu 21 la kutolea joto. Hesabu hii ndiyo ya sehemu za majiko zenye mteremko, na anayeielewa anaweza kuchora faneli au kofia ya bomba la moshi.

Viringisha kwa mkono, ukibana zaidi upande wa ncha, na ufunge kwa riveti ngumu mbili. Acha riveti ichomoze mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani 4.5 kwa riveti ya 3. Ikizidi, itajikunja kando. Ikipungua, kichwa hakitajaa. Pindo la ukingo wa paa likunje kuelekea ndani sasa, kwa mizunguko midogo, maana nalo hubanwa kama ukingo wa kitako.

Vishikizo vinne kunja kwa nyuzi 45 kuelekea ndani, 30 kutoka ncha ya chini, na uvifunge ndani ya mwili kwa matundu uliyoyaandaa, ncha ya chini ikiwa 20 chini ya mdomo. Vile viwili virefu viwe kushoto na kulia. Weka paa juu yake hadi ukingo wake ulingane na mdomo wa mwili. Kwa kuwa paa ni pana zaidi kwa 10 kila upande na mteremko ni nyuzi 45, unabaki mwanya wa 10 kuzunguka mdomo wote. Moshi hutoka hapo na mvua haiingii. Toboa paa na vishikizo kwa pamoja, 24 kutoka ukingo wa paa, na ufunge kwa riveti za popu, kwa kuwa ndani huwezi tena kufika na nyundo.

Mshikio upite kwenye vishikizo virefu, 38 kutoka ukingo wa paa, ili uzito ubebwe na mwili. Waya upinde juu ya paa hadi mkono uwe angalau sentimita 8 kutoka tundu la juu. Hewa itokayo hapo huunguza.

Kumalizia na kuwasha

Zinki mpya haishiki rangi. Ioshe kwa sabuni, ipanguse kwa siki, isuuze, ikaushe, kisha paka praima ya mabati kabla ya rangi. Ndani usipake chochote. Kama umetumia debe, paka nje mapema, kwa sababu kingo zilizokatwa hazina stani na huanza kutu zikipata unyevu.

Mshumaa usizidi sentimita 10, na uuwashe kwanza nje kwa nusu saa. Paa likianza kubadilika rangi au mwali ukicheza na kutoa masizi, hewa ya chini haitoshi. Toboa matundu manane ya 4 kuzunguka mwili, 15 juu ya kitako, ukiukwepa mshono. Usiweke koroboi ya mafuta taa ndani. Joto lake ni kubwa, masizi huziba nakshi, na mafuta yakimwagika kitako cha mkunjo hakiyazuii. Ukitaka balbu, tumia ya betri au ya sola ya volti 5, na pale waya unapopita weka mpira ili ukingo wa bati usiukate.

Ukitaka kubadilisha ukubwa, zidisha kipenyo kipya kwa 3.14 na uongeze 18 kwa mwili. Kitako ni kipenyo kipya na 18 nyingine. Paa ni kipenyo kipya na 20, na ukigawanya nusu kipenyo cha paa hilo kwa 0.707 unapata urefu wa mteremko. Ukivuka kipenyo cha 180, hamia geji 28, na upanue mshono uwe 8, ambao hula 24.